Betri za haibridi zinauliwa na joto na vumbi kabla ya umri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu betri za gari za haibridi, yaani hizi zinazokwenda kwa petroli na umeme, ambazo naziona zikiongezeka katika barabara za Unguja, na hata Chake Chake na Wete nimezikuta. Kinachonisukuma kuandika ni kauli ninayoisikia barazani na kwa baadhi ya mafundi, kwamba betri ya gari hizo ikishafika kwetu haikai zaidi ya miaka mitatu, na kwamba anayenunua gari ya aina hiyo ajitayarishe mapema kununua betri nyengine. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotutia hasara.

Gari yangu ni Toyota Prius ya mwaka 2010, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani. Nyuma ya kiti cha nyuma ina betri ya nikeli yenye vipande 28, kila kimoja cha volti 7.2, vilivyofungwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 201.6. Kompyuta ya gari haiiachi betri hiyo ijae kabisa wala iishe kabisa, bali huizuia baina ya asilimia 40 na 80 hivi ya chaji, na hilo ndilo linaloifanya ihimili miaka mingi. Prius za mwanzo ziliuzwa Japani Disemba 1997. Huko Marekani kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ikiidhamini betri kwa miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia gari za mwaka 2020 ikaipandisha dhamana hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000. Hakuna mfanyabiashara anayedhamini kitu miaka 10 huku akijua kuwa kitakufa kwa mitatu. Basi la kuuliza ni kipi kinachoipata betri ile ile ikishavuka bahari.

Kubwa ni joto. Betri inapotoa na kupokea umeme hupata moto, na kadiri inavyokaa na moto huo ndivyo inavyochakaa kwa ndani. Watengenezaji wamelijua hilo, wakaweka feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, hewa hiyo hiyo tunayoivuta sisi abiria, na kuipitisha baina ya vipande vya betri. Mdomo wa feni hiyo upo ubavuni mwa kiti cha nyuma, umetobolewa tobolewa, na wengi hudhani kuwa ni spika ya redio. Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Nilipoinunua gari nilimpelekea fundi cherehani anishonee kava za viti, na kava ya nyuma ikaja ikauziba mdomo wa feni barabara. Nikatembea hivyo kaskazi nzima, kwenye jua la Januari na Februari, nikiisikia feni inavuma huko nyuma kama mtu anayehema, wala sikujiuliza inahema kwa nini. Siku moja taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Feni ilipofunguliwa niliishika kwa mkono wangu: mapanga yake yamevaa vumbi jeupe lililoshikana na nywele, nyuzi za zulia na mchanga wa pwani, na katikati imejibana karatasi ya biskuti ya watoto. Hewa ingepita wapi?

Vumbi hilo jeupe halikutoka mbali. Njia nyingi za ndani mitaani kwetu zimejazwa kifusi cha mawe ya chokaa, na dereva anayetaka kubana petroli huzima kiyoyozi akateremsha vioo. Kwa gari ya kawaida huko ni kubana matumizi kweli, lakini kwa haibridi ni kuilisha betri vumbi na hewa ya moto kwa wakati mmoja, kwani kiyoyozi humo kinamhudumia abiria na kinaihudumia betri pia. Lipo na jambo la foleni. Tukikwama Darajani au Mwanakwerekwe wengi wetu tumezoea kutia N, yaani gia huru, na katika N gari hizi hazichaji betri hata injini ikinguruma, ilhali kiyoyozi kinaendelea kula umeme. Mtu abaki kwenye D, gia ya kwendea, na mguu kwenye breki, au atie P, ya kuegeshea, foleni ikisimama kabisa.

Baada ya joto huja kutu. Vipande vile 28 vimeunganishwa kwa vibati vya shaba, na vyangu vilikuwa vimeota ukungu wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa stoo. Kutu hiyo hutokea hata katika nchi zilizo mbali na bahari, lakini kwetu, ambapo hewa ina chumvi hata bati la nyumba linajua, haishangazi kuikuta. Maungio yakishika kutu umeme hupita kwa taabu, kompyuta husoma volti pungufu, na lawama huiangukia betri hata pale ilipokuwa bado nzima. Kuvisugua vibati hivyo na kuvikaza sawasawa ni kazi ya nusu siku.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Gereji niliyoiendea mwanzo, ambayo sitaitaja, iling'oa kipande kimoja kilichokufa, ikatia chengine kilichotolewa katika gari iliyopata ajali, na kunitoza kwa maneno kwamba betri “imeshatengenezwa”. Vibati havikusuguliwa na feni haikuguswa. Haikutimia miezi miwili pembetatu ikarudi, safari hii kwa kipande chengine, kikabadilishwa, kisha kikafuata cha tatu. Nilidhani nina bahati mbaya, kumbe ndivyo inavyotarajiwa. Vipande vilivyofungwa kwa mfuatano hupitisha umeme ule ule vyote, hivyo kilicho dhaifu huishiwa kabla ya wenzake na bado hulazimishwa kutoa, mfano wa wachukuzi wanne waliobebeshwa kabati moja ilhali mmoja wao ni mgonjwa. Kumtoa mgonjwa mmoja na kumtia mgeni ambaye nguvu zake hazikupimwa hakuwasaidii waliobaki, hasa wale wa katikati ya betri, ambao hupata joto zaidi kuliko wa pembeni.

Fundi aliyenitoa katika shida hiyo alianza kwa kupima. Alichomeka mashine ndogo chini ya dashibodi na kusoma volti za mafungu 14, kila fungu likiwa ni vipande viwili, huku mimi nikikanyaga mafuta na kufunga breki kwa zamu. Fungu lolote lililopishana na wenzake kwa kiasi cha volti 0.3 au zaidi wakati betri inafanya kazi alilitia alama. Kisha alivitoa vipande vyote, akavichaji na kuvishusha chaji kimoja kimoja, akavipanga kwa uwezo unaolingana, akabadilisha vitano, na vilivyokuwa katikati akavipeleka pembeni. Kazi ilichukua siku sita na bei yake haikuwa ndogo, ila ilikuwa chini ya jumla ya nilichokwisha kulipa kwa viraka vitatu. Tangu hapo nimeshapita kaskazi mbili.

Nisiache kutaja hatari. Kijana wa gereji ya mwanzo aliifungua betri akiwa na pete ya fedha kidoleni, bila glavu, na ile plagi ya rangi ya chungwa ya kukatia umeme ikiwa bado imo mahala pake. Volti 200 za betri zinaua. Plagi hutolewa kwanza, husubiriwa si chini ya dakika 10 ili chaji iliyobaki ndani ya inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uendeshe mota, ishuke, na glavu za mpira za mafundi umeme hazivuliwi muda wote huo. Nilipaswa kumzuia na sikumzuia, kwa kuwa wakati ule sikujua.

Kuna na betri ndogo ya volti 12, ambayo imewafanya watu wauziwe betri kubwa bila ya haja. Gari ikikataa kuwaka asubuhi na taa za dashibodi zikipepesa, mara nyingi mgonjwa ni huyu mdogo, kwa sababu ndiye anayeziamsha kompyuta. Katika Prius yangu amekaa ndani ya buti, kwa hiyo hubadilishwa kwa betri iliyozibwa yenye mrija wa kutolea hewa nje ya gari, si kwa betri yoyote ya asidi iliyopo dukani.

Ndugu zetu walioko Maskati na London, wanaoacha gari Wete au Mkoani hadi Sikukuu nyengine, nao waelewe kuwa betri ya nikeli hujimaliza chaji yenyewe pole pole hata gari ikiwa imesimama. Wamwachie mtu ufunguo, gari itembezwe japo nusu saa kila mwezi, na iwekwe kivulini. Wenye gari za betri ya lithiamu, kama Nissan Note zile ambazo injini yake ya petroli hufua umeme tu bila kuzungusha magurudumu, wasidhani maneno ya joto hayawahusu, kwani lithiamu nayo huchakaa haraka ikikaa katika joto.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gari ya haibridi inapouzwa Unguja au Pemba, muuzaji ampe mnunuzi karatasi yenye volti za kila fungu la betri zilizosomwa gari ikitembea, pamoja na tarehe ya kusomwa kwake, na wanaokagua gari zinazoingia bandarini waiulizie karatasi hiyo kama wanavyoangalia breki na taa. Mashine ya kusomea haifiki bei ya tairi moja, na kazi yenyewe haizidi robo saa. Mnunuzi naye, kabla hajaitegea injini masikio, apige magoti kwenye kiti cha nyuma amulike ule mdomo wa feni kwa tochi ya simu. Mimi siku nitakayoiuza yangu karatasi hiyo nitaitoa, na vile vipande vitano vilivyobadilishwa nimeshaviandika nambari zake.

Wako msomaji,
Kiembesamaki, Unguja