Shukrani kwenu nyote mliotusitiri kwenye msiba wa baba yetu, Mchungaji Profesa

Bwana Yesu asifiwe ndugu, jamaa na majirani. Sisi watoto pamoja na mama tumeona tuandike hapa maana kumfuata kila mtu kwake hatutaweza, watu mlikuwa wengi mno pale nyumbani Kikuyu, Dodoma, mpaka maturubai yakavuka geti yakafika barabarani, na simu za pole bado zinaingia.

Tuanze na majirani. Kanisa letu la Presbiteri hapa Dodoma ni dogo, wenyewe mnajua mji huu Waanglikana, Wakatoliki na Walutheri ndio wengi, kwa hiyo baba alipofariki tulikaa tukawaza huu msiba utabebwa na nani. Mkaubeba nyie. Kina mama wa jumuiya ya Kikatoliki mlishika jiko tangu siku ya kwanza, vijana wa Anglikana mkaleta viti na spika, wazee wetu wa msikitini mkaja na mchele na mkaa halafu mkashinda na sisi hadi makaburini. Hatuna cha kuwalipa jamani, Mungu anawajua.

Madaktari na manesi wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, asanteni kwa uvumilivu. Wachungaji na wazee wa kanisa mliotoka Dar na Kenya, wengine mlishuka kwenye treni ya SGR mkaja moja kwa moja ibadani, asanteni pia. Mliosoma naye chuo cha St. Paul's pale Limuru, Kenya, mlitusimulia ujana wake mpaka mama akacheka, na siku ile kumfanya mama acheke haikuwa kazi ndogo.

Sasa wanafunzi wake. Nyie mmetuonyesha baba tusiyemjua vizuri. Sisi nyumbani tulijua anafundisha Agano la Kale na Kiebrania na anasahihisha hadi usiku, basi, lakini mliposimama kaburini mkaanza Zaburi ya 119, mmoja anasoma Kiebrania mwingine anafuata na Kiswahili cha Biblia ya Union, ndipo tukaelewa kwa nini aliipenda vile. Mlitufafanulia kwamba ina mafungu 22, kila fungu limebeba herufi moja ya Kiebrania kutoka Alef mpaka Tav, mistari minane minane, jumla 176, na kwamba baba alikuwa anawafikisha mstari wa mwisho anawauliza, mtu ameisifu sheria ya Mungu kote huko, mbona anamaliza kwa kusema amepotea kama kondoo na anaomba atafutwe? Mlisema hakuwajibia, aliwaachia mkahubiri wenyewe Jumapili. Huyo ni baba kabisa. Hata alipokuwa anasomea shahada ya udaktari kule Edinburgh alikuwa anaandika barua nyumbani akiuliza kwanza wagonjwa wa usharika, masomo anayataja mwishoni.

Kamati ya mazishi, waliotuma rambirambi kwa M-Pesa, wenye noah mliobeba watu bure, waimbaji, waliochimba kaburi kwenye ule udongo mgumu wa kiangazi, wote tunawashukuru sana, na ambaye hatukumtaja atusamehe.

Jambo moja la mwisho. Tumekuta mezani kwake sura za tasnifu za wanafunzi kadhaa, ameshazisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka pembeni. Mama amezifunga kila moja na jina lake. Njooni mzichukue, jioni yuko nyumbani, na mkija mkae mle chakula.