Barua ya wazi kwa Katibu wa Tawi letu la chama cha wauguzi

Ndugu Katibu,

YAH: MKUTANO WA TAWI NA UCHAGUZI WA WAWAKILISHI WA WODI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Rejea pia barua zangu tatu juu ya jambo hilihili, kama bado zipo. Ya kwanza niliipitisha chini ya mlango wa ofisi ya tawi, ya pili nilimkabidhi mweka hazina, na ya tatu nilikupa wewe mwenyewe mkononi, pale kwenye korido ya maabara. Uliikunja mara mbili, ukaitia mfuko wa shati, ukasema, "Tutalifanyia kazi." Hii ya nne nimeona niiandike mahali ambapo haikunjiki.

Jumatatu iliyopita mwenzetu mmoja, dada ambaye hajatimiza hata mwaka kazini, aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa lake ni kwamba dawa ya saa sita usiku aliitoa saa saba na dakika arobaini. Usiku huo alikuwa peke yake wodini, mgonjwa wa kitanda cha mwisho ameanza kubanwa na pumzi, na yeye ana mikono miwili tu kama sisi wengine. Ile saa saba na dakika arobaini aliiandika mwenyewe kwenye chati ya dawa, kwa wino, bila kuficha. Angeandika saa sita yangekwisha, na sote tunajua wapo wanaoandika hivyo. Chati yake ya kweli ndiyo iliyomponza.

Alipiga simu ya tawi mara nne, haikupokelewa. Akaniomba nimsindikize. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, nikaenda hivyohivyo. Afisa utumishi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ni mwakilishi wa chama. Nikasema mimi ni mwanachama. Akasema mwanachama si mwakilishi, naomba usubiri nje. Na hakukosea, Ndugu Katibu, hapo ndipo paliponiuma. Nilikaa kwenye benchi dakika hamsini nikisikia sauti ya yule dada ikififia, mpaka ikawa ni sauti za wengine tu. Alitoka na barua ya onyo, na ameshatia sahihi chini ya maelezo ambayo anasema hakupewa nafasi ya kuyasoma yote.

Sasa niruhusu nikukumbushe kidogo. Miaka miwili iliyopita, ukiomba kura, ulikuja wodini kwetu wakati wa makabidhiano ya zamu. Ulisimama karibu na toroli ya dawa ukatuahidi kwamba kila wodi itachagua mwakilishi wake ndani ya siku tisini. Nilinyoosha mkono palepale. Nikajaza fomu, nikaambatisha picha mbili (mwakilishi wa wodi anahitaji picha mbili za nini, sikuuliza). Mpaka leo uchaguzi haujaitishwa. Siku tisini hizo nadhani zinahesabiwa kwa kalenda ambayo sisi wa zamu hatujaiona.

Usidhani nilikaa tu kusubiri. Nilijiunga na kundi la WhatsApp la tawi, nikakuta wanaoruhusiwa kuandika ni viongozi peke yao. Kazi yetu ni kupokea salamu za sikukuu. Mwaka jana ulipotangazwa mkutano, tangazo lilibandikwa jioni, mkutano wenyewe kesho yake saa nne asubuhi. Saa hiyo aliyekesha ndiyo kwanza amefumba macho, na wa asubuhi yuko katikati ya kufunga vidonda. Mimi nilikuja. Tulikuwa kumi na mmoja. Mkatuambia akidi haijatimia, tukatawanyika, na baadaye nikasikia mnasema wauguzi hawana mwamko. Mwamko, kwa watu ambao kazi yao ni kukesha!

Kwa nini iwe hivi, sijui kwa hakika. Wengine wanasema tangu ulipoondolewa kwenye ratiba ya zamu umesahau usiku una urefu gani. Wengine wanasema mwajiri anapenda tawi liwe na mtu mmoja wa kuzungumza naye kuliko wawakilishi ishirini wenye maswali. Sina ushahidi. Ila mlango ukifungwa muda mrefu, walio nje huanza kubuni kilichomo ndani.

Siku ya Wauguzi, Mei 12, ulitusomea Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977. Ulisoma vizuri, hilo nakupa. Ulisema mkataba huo unataka wauguzi washirikishwe katika kupanga huduma na waulizwe kabla ya maamuzi yanayowahusu. Ukaongeza Pendekezo namba 157 la mwaka huohuo, linalotaka mtu wa zamu apumzike saa 12 mfululizo kabla ya zamu nyingine. Nilipiga makofi, na wakati huo nilikuwa nimepumzika saa nane. Mwajiri hatuulizi, sawa, huyo ni mwajiri. Tawi letu wenyewe lilituuliza lini?

Ada yangu hukatwa kabla mshahara haujanifikia. Miezi yote hiyo, makato hayajawahi kukosa akidi.

Naomba mkutano uitishwe, utangazwe mapema, na ufanyike mara mbili kwa siku moja ili kila zamu ipate nafasi. Naomba uchaguzi wa wawakilishi wa wodi. Naomba kumbukumbu za vikao vya kamati yako, na hesabu za ada, na simu ya tawi iwe na mtu wa kuipokea usiku, na huo uchaguzi, nasema tena, huo uchaguzi.

Najua utasema haya yanahitaji muda. Basi yaweke yote kando. Rufaa ya yule dada inasikilizwa Jumatano ijayo saa tatu asubuhi, na safari hii hawezi kuingia peke yake. Njoo wewe. Ukiwa na udhuru, mtume mjumbe yeyote. Asipopatikana hata mmoja, niandikie mstari mmoja wenye muhuri wa tawi kwamba nimeruhusiwa kukaa naye. Niko zamu ya usiku mpaka Jumanne; nitapita ofisini kwako kila asubuhi nikitoka. Karatasi nitakuja nayo mimi.

Wako katika chama,

Muuguzi, wodi ya upasuaji