Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu Zanzibar: maji kwanza, tindikali baadae

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa kemia huku Pemba, skuli ya sekondari. Jina la skuli naliweka pembeni kwa sababu sitaki mwalimu wangu mkuu aonekane ndie tatizo, na wala jambo lenyewe si la skuli moja, walimu wa kemia tukikutana popote mazungumzo ni haya haya. Nakuandikia kuhusu tindikali. Nnachoomba ni kimoja na nakisema mapema ili usichoke kusoma: skuli isipelekewe tindikali kali kama mfereji wa maabara yake hautoi maji.

Naizungumzia zaidi tindikali ya salfuriki kwa sababu ndio nnayoiogopa. Inakuja kwenye chupa ya kioo ya lita 2.5, nguvu yake asilimia 98, haina rangi, ikiwa baridi haina harufu, ukiimimina inakwenda taratibu kama shira. Uzito wake ni karibu mara mbili ya maji, gramu 1.84 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hivyo chupa ile ikijaa tindikali yake peke yake inapindukia kilo 4 na nusu. Sasa Mheshimiwa fikiria mtoto wa kidato cha tatu katumwa stoo, kaikamata chupa hiyo shingoni kwa mkono mmoja, miguuni kavaa kandambili, anakatisha nayo uani wenziwe wanacheza mpira. Hayo yanatokea na anaeyaona wala hashtuki, kwa sababu mtoto kaagizwa na mwalimu na kaitikia vizuri.

Halafu kuna kuichanganya. Mitihani ya vitendo ya Baraza la Mitihani inataka tindikali hafifu, yaani iliyochanganywa na maji mengi, ya haidrokloriki (HCl) au hii ya salfuriki, na mara nyingi hatuletewi ikiwa tayari hafifu, tunaletewa kali tuipunguze wenyewe. Kupata lita moja ya salfuriki hafifu ya 0.1 M (M ni kipimo chetu cha nguvu ya tindikali) unahitaji kama sentimita za ujazo 5 na nusu tu za ile kali, kidogo hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo maana kitu kidogo mtu anakidharau. Tindikali ikikutana na maji inatoa joto kali sana. Ukitia tindikali kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku unakoroga, joto linasambaa kwenye maji yote na hakuna kinachotokea. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya tindikali, maji ni mepesi yanabaki juu, yanachemka pale pale na yanaruka pamoja na tindikali, na yakiruka yanakuja usoni maana uso ndio ulioinamia bika, ile gilasi ya maabara. Kila mwalimu wa kemia analijua hili kwa moyo. Lakini anaetayarisha usiku wa kuamkia mtihani si kila mara mwalimu wa kemia, pengine ni mwalimu wa baiolojia kaombwa asaidie, pengine vijana wawili wa fomu foo wanaoaminika.

Na pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia tindikali. Ile mipira ya kuvutia haipo, au ipo mmoja umepasuka, kwa hivyo watu wanavuta kwa mdomo. Tindikali kali! Unavuta kwa pumzi huku umekodolea alama, ncha ya pipeti ikitoka tu kwenye tindikali hewa inaingia na kilichomo kinapanda chote mdomoni. Wapo wakubwa zetu wanasema zamani tulivuta hivyo hivyo na tupo hai, mimi nawaheshimu ila hilo siwakubalii hata kidogo, kinga yenyewe ni kipande cha mpira tu.

Watoto wanapenda sana nikiwaonesha sukari. Unaweka sukari kwenye bika, unatia tindikali, inageuka manjano, hudhurungi, mara inafura nyeusi inapanda juu inatoa mvuke. Tindikali imeyanyofoa maji yaliyomo ndani ya sukari ikabakisha kaboni. Darasa zima linapiga kelele za furaha, na mimi hapo hapo nawaambia angalieni mkono wako, ngozi nayo ina maji. Wananyamaza wote. Kwenye nguo haioneshi upesi, tone la hafifu likidondokea shati la pamba halionekani, maji yanakauka tindikali inabaki inazidi kuwa kali, ikifuliwa tu ndio matobo yanatokea na mama mtu anadhani panya.

Ndio nakuja kwenye maji. Dawa ya tindikali mwilini ni maji mengi, upesi, kwa muda mrefu. Si dawa ya meno, si asali, si samli, si magadi kwenye ngozi, ni maji. Jicho lioshwe kope zikiwa zimefunguliwa kwa dakika 15 bila kusita halafu ndio hospitali, na aliemeza asitapishwe. Viwango vya ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, vinavyofuatwa na maabara nyingi duniani vinataka chombo cha kuoshea macho kitoe angalau lita 1.5 kwa dakika kwa dakika hizo 15. Piga hesabu, ni lita 22 na nusu kwa mtoto mmoja, kwa macho tu. Ile ndoo ya lita 20 tunayoiweka pembeni ya mlango na kuiita ndoo ya dharura haitoshi hata macho. Na shawa ya mwili mzima wanataka kama lita 75 kwa dakika, kwa hizo dakika 15 ni zaidi ya lita 1,100, yaani tangi zima la lita 1,000 linakwisha na bado. Sisemi kila skuli ya Pemba ipate shawa ya Kimarekani, nasema tu angalia hesabu hiyo halafu angalia maabara ambayo mfereji unakohoa hewa na maji yanachotwa kisimani kwa dumu.

Kuna jambo jengine nadhani nyinyi wakubwa hamuletewi kwa sababu linaonewa haya. Tindikali ikimwagikia nguo, nguo ivuliwe hapo hapo, kila sekunde inayobaki mwilini inazidi kuunguza. Watoto wetu wa kike wamevaa ushungi na juba. Msichana wa miaka 16 hawezi kuvua mbele ya wavulana 30 na mwalimu mwanamme, atasita, atashika nguo, atalia, na tindikali haimsubiri. Simlaumu, ndivyo tulivyowalea na ni malezi mazuri. Lakini tumtengenezee njia: pazia moja zito kwenye kona ya maabara karibu na mfereji, kanga safi mbili tatu zimekunjwa hapo, na siku ya vitendo awepo mwalimu mwanamke karibu. Gharama yake ni ndogo sana, hata kamati ya wazee inaiweza, ila mpaka agizo litoke juu ndio itafanyika.

Na stoo zetu. Nimeona stoo vitu vimepangwa kwa alfabeti, nadhifu kabisa, ukifika herufi S chupa ya madini ya sodiamu inakaa bega kwa bega na salfuriki. Hivyo viwili havitakiwi kukutana hata siku moja. Na pamanganeti ya potasiamu nayo, ikikutana na salfuriki kali inatengeneza kitu kinacholipuka. Tindikali ikae rafu ya chini kabisa, chini ya usawa wa macho, ndani ya beseni la plastiki ili ikivuja isitambae, peke yake. Rafu za chuma hazifai, hewa yetu ya bahari inazila kabla hata tindikali haijaanza. Chupa iandikwe kwa Kiswahili kikubwa na alama ya mkono unaounguzwa ibandikwe, maana anaefagia stoo si msomi wa kemia. Na isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa hali yoyote, hata kwa dakika tano.

Na kufuli, Mheshimiwa. Hatujasahau Novemba 2012 sheikh kumwagiwa tindikali hapo Unguja, na Agosti 2013 wale wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kufundisha, na mwezi uliofuata padri. Sisemi ilitoka skuli, sina ushahidi wa hilo wala simshuku mtu. Nasema kisiwa kilichopitia hayo hakifai kuwa na stoo ya tindikali ambayo ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ofisini na hakuna daftari la nani kachukua kiasi gani.

Najua bajeti ni ndogo na najua mnajenga skuli mpya za ghorofa, tunaziona na tunashukuru. Ndio maana naomba kwa utaratibu huu: kabla ya boksi la kemikali kutoka bohari, afisa wa wilaya apige simu mbili, maji yanatoka? mipira ya pipeti na miwani ipo? Kama jibu hapana, skuli hiyo ipelekewe tindikali ambayo imeshapunguzwa, iliyotayarishwa sehemu moja Chake Chake na mtu anaejua, na ile kali ibaki huko huko. Mtihani utafanyika vile vile, alama hazipungui. Na zile chupa kuukuu zisizo na lebo, ambazo hatuwezi kuzimwaga na hatuwezi kuzitumia, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar iombwe ije izikusanye skuli kwa skuli, msituachie sisi tuamue.

Mitihani ya fomu foo ni mwisho wa mwaka. Simu hizo zinaweza kupigwa wiki hii.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Pemba