Nimeutoa mchanga wote

Toronto, Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Maskati, na ile mashine ya kupozea maji ya tangi lako la samaki na matumbawe iliyokuwa ikikuhangaisha imetengemaa kabla joto halijaanza. Sisi huku tu wazima. Theluji bado iko dirishani, na mama, ambaye yuko nasi tangu Novemba, amezoea kuvaa soksi mbili mbili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeuliza kama uutoe mchanga ulio ndani ya tangi lako au uuache. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini lisingekufaa, kwa sababu tangi langu si tangi lako. Nimekaa nikuandikie yote tangu mwanzo.

Unakumbuka Kanamai, kule pwani kaskazini ya Mombasa, siku za bamvua. Maji yakipwa tulikuwa tunakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba unaovunja mawimbi, viatu vya raba miguuni, tukichungulia kidimbwi kimoja baada ya kingine. Kitatange wadogo, kaa, majongoo bahari, na katikati ya yote ule mchanga mweupe. Nilipolinunua tangi hili miaka sita iliyopita, sikuanza kuwaza samaki. Niliwaza mchanga. Tangi lenyewe ni la lita 300, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, nami nikalimwagia mchanga wa kina cha sentimita 10, ukingo hadi ukingo. Usiku ule, kabla sijatia hata jiwe moja, niliwasha taa nikakaa kulitazama mpaka saa saba.

Wala hayakuwa mapenzi matupu, kulikuwa na elimu nyuma yake. Jean Jaubert kule Monaco alionyesha namna mchanga wenye nafasi ya maji chini yake unavyoweza kusafisha tangi, na baadaye Ron Shimek, Marekani, akawashawishi wafugaji wengi waweke mchanga wa kina kirefu uliojaa minyoo na wadudu wadogo. Tabaka la chini halipati oksijeni, na humo huishi bakteria wanaoivunja nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikapanda juu na kwenda zake. Kinyesi cha samaki huwa amonia, amonia huwa nitriti, nitriti huwa nitrati, na mchanga unamalizia kazi. Kwangu miaka mitatu ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Nitrati haikupita miligramu 5 kwa lita, na Acropora, yale matumbawe yangu ya matawi, zilikuwa zinaota pembe mpya kila mwezi.

Mwaka wa nne mambo yakaanza kwenda kombo, tena polepole, ndiyo maana nilichelewa kuamini. Kwanza ulikuja ule utando mwekundu uliojitandika juu ya mchanga kama mkeka. Naufyonza Jumamosi, Jumatano umerudi. Halafu Acropora zikaanza kuambuka ngozi kutoka chini kwenda juu, zikiacha mifupa mieupe. Nilipima maji nikakuta nitrati 60 na fosfati, mabaki mengine ya chakula na kinyesi, 0.45. Nikapunguza chakula, nikanunua skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, kubwa zaidi, nikabadilisha maji kila wiki. Nitrati ikashuka kidogo. Fosfati haikutikisika.

Hapo ndipo nilipoanza kuuangalia mchanga wenyewe kupitia kioo cha mbele. Sentimita mbili za juu zilikuwa nyeupe. Chini yake kijivu, na chini kabisa mstari mweusi. Mchanga wa aina hii ni chokaa, na chokaa hushika fosfati. Kwa miaka yote ile ulikuwa unaimeza, na sasa umeshiba unaitapika. Kila nilipoitoa fosfati majini, mchanga ulirudisha nyingine.

Jambo lililonikata maneno lilitokea mwezi wa Mei. Nilitaka kusogeza jiwe moja tu la nyuma lililoegemea kioo. Nililinyanyua, na pale lilipokuwa limekaa likatoka wingu jeusi lenye harufu ya yai viza. Nilibadilisha lita 100 papo hapo, nikatia mkaa wa kuchujia, nikaongeza pampu ya hewa. Hata hivyo, asubuhi nilikuta wale samaki wawili wadogo wa kijani, niliokuwa nao tangu mwaka wa kwanza, wamelala ubavu. Niliwazika udongoni, nyuma ya nyumba. Sikumwambia mtu siku ile.

Mama alipopata habari kwamba nataka kuutoa mchanga, aliniuliza kwa simu, "Kwani bahari haina mchanga?" Swali lake lilinikaa siku nyingi. Bahari ina mchanga, mama, lakini bahari ina kupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Ina bamvua, ina kusi inayokuja kuuchafua ufuo wote na kuusafisha upya. Mchanga wa Kanamai hausimami mahali pamoja. Unasukwa, unachukuliwa, na mwingine mpya unaletwa. Sehemu ya ule mweupe tuliokuwa tunaukanyaga umetoka tumboni mwa pono, wanaong'ata mwamba na kuunya ukiwa unga. Ndani ya tangi langu hakuna pono wala bamvua. Kilichoingia mchangani kilibaki mchangani miaka yote ile. Nilikuwa nimeleta rangi ya pwani bila kuleta mwendo wake.

Sasa nakueleza nilivyofanya, maana hapa ndipo watu wanapoua samaki.

Sikuutoa kwa siku moja. Kila Jumamosi, kwa wiki nane, nilifyonza ukanda mmoja wa upana wa kiganja kwa mpira wa maji wenye kipenyo cha milimita 19. Mpira mwembamba zaidi unaziba, mpana zaidi unakumalizia maji kabla mchanga haujatoka. Kabla ya kuanza nilizima pampu zote ili wingu lisitawanyike. Lita 40 zilitoka na mchanga wake kwenye ndoo, lita 40 mpya zikaingia, zikiwa zimechanganywa tangu jana yake na kupashwa hadi nyuzi 25, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawasawa na ya tangi. Kwa njia hiyo bakteria waliobaki kwenye mawe walipata muda wa kuongezeka na kubeba mzigo uliokuwa unabebwa na mchanga. Nilipima amonia kila siku baada ya kila ukanda. Mara moja tu ilionekana, wiki ya tatu, nami nikaruka Jumamosi iliyofuata.

Mchanga wa chini ya mawe usiuguse kwa mpira, hata ukishawishika vipi. Jiwe lililokaa juu ya mchanga, ukiutoa mchanga linashuka, na likishuka pembeni linaweza kukupasulia kioo. Hiyo niliiachia siku ya mwisho. Nilipanga mabeseni makubwa, nikayajaza maji ya tangi, nikatia hita na pampu. Samaki beseni lao, matumbawe lao, mawe lao. Kila jiwe nililisukasuka ndani ya ndoo ya maji ya tangi mpaka likaacha kutoa tope. Maji ya bomba hapana, yana klorini, na hata kama hayana, maji baridi yasiyo na chumvi yanaua karibu kila kilicho hai kwenye jiwe. Mchanga uliobaki niliuchota kwa kizoleo kipya cha plastiki. Wote kwa jumla ulikuwa kama kilo 80. Kisha nikafuta kioo cha chini mpaka nikaona mbao za kabati kupitia kwake.

Watu wengi hufunika kioo chote cha chini kwa ubao mweupe wa plastiki, ule wa kukatia nyama jikoni. Mimi niliuweka chini ya mawe tu, vipande viwili vya milimita 6, ili uzito wa jiwe usikae kwenye ncha moja. Plastiki hiyo huelea, kwa hiyo inataka jiwe juu yake mara moja, na ukitandika kila mahali bila kuziba kingo kwa silikoni, mashapo yanaingia chini yake na umerudi ulikotoka. Jambo jingine ambalo lilinikuta sijajiandaa ni kwamba mchanga ule ulikuwa umechukua nafasi ya karibu lita 30. Nilipojaza tena, maji hayakutosha. Weka ndoo mbili za akiba.

Nitrati ilishuka kutoka 60 hadi 8 kwa miezi mitatu. Fosfati ilichukua muda zaidi, kwa kuwa mawe nayo yalikuwa yameibeba. Nikafurahi kupita kiasi, nikaendelea kutumia dawa ya kuondoa fosfati na kuwanyima samaki chakula, mpaka vipimo vyote viwili vikasoma sifuri. Hilo ni kosa langu, na nakuomba usilirudie. Maji yasiyo na kitu yalileta dinoflajelati, makamasi ya kahawia yenye mapovu, yakaning'inia kwenye kila tawi. Matumbawe yaliyokuwa yameokoka mchanga yakaanza kupauka kwa njaa. Niliitoa ile dawa, nikawalisha samaki mara mbili kwa siku, nikazima taa siku tatu, na ikachukua wiki sita maji kutulia. Tumbawe nalo linataka kula. Nitrati 5 hadi 10 na fosfati kidogo kama 0.05 ndivyo vinavyonipa rangi nzuri sasa.

Faida kubwa kuliko zote ni mwendo wa maji. Zamani pampu zangu za mawimbi nilikuwa naziendesha kwa asilimia 30, zaidi ya hapo zinachimba mashimo na kurusha mchanga juu ya matumbawe. Sasa ziko kwenye 70. Zile Acropora mbili zilizobaki zinayumbisha minyiri yake midogo mchana kutwa, na sehemu za chini zilizoambuka zimeanza kufunikwa na ngozi mpya. Uchafu wote unasukumwa hadi pembe moja, ya kushoto mbele, na kila Jumamosi naufyonza kwa dakika tano. Lakini ujue kwamba sasa unauona. Kila kinyesi, kila chembe ya chakula, iko wazi juu ya kioo, na usipoiondoa wiki mbili hakuna mahali pa kujificha.

Kuhusu sura yake, miezi minne ya kwanza niliona uchungu kuliangalia. Lilikuwa kama sakafu ya zahanati. Sasa ule mwani wa waridi unaoganda kama chokaa umeanza kutoa madoa kwenye kioo, na madoa yanakutana. Mawe yanaonekana kama yanaota kutoka kwenye kitu.

Nilikuwa sijakuambia habari ya yule samaki wa njano, Halichoeres, ambaye kila magharibi hujifukia mchangani na kulala humo. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba kuna mtu angemchukua, yule mtu hakutokea. Usiku wa kwanza bila mchanga alikuwa anajitupa kichwa chini kwenye kioo, anainuka, anajaribu pembe nyingine. Nilizima taa ya chumba nikakaa gizani nikimsikia. Asubuhi mdomo wake ulikuwa umechubuka. Nikachukua bakuli la kioo la kuokea la mke wangu, nikalijaza mchanga mpya uliosafishwa, kina cha sentimita 8, nikalitua nyuma ya jiwe kubwa. Usiku wa pili alilizunguka tu. Wa tatu aliingia. Mchanga wa bakuli naubadilisha kila baada ya miezi mitatu, haujawahi kuwa mweusi.

Sasa wewe. Umesema mchanga wako ni sentimita 3, una miaka miwili, na yule kamba wako anayealisha gando bado anachimba shimo analokaa na yule samaki mlinzi wake. Kwa hali hiyo mimi nasema usiutoe. Hao wawili bila mchanga hawana maisha, na bakuli haliwatoshi, wanataka mahandaki chini ya mawe. Mchanga mwembamba ukifyonzwa robo moja kila wiki, ukiacha upande wa shimo lao, unaweza kukaa miaka mingi bila kuleta tabu yangu. Ila mulika kioo cha mbele kwa tochi usiku huu huu, uangalie pale chini kabisa kama kuna kijivu au mweusi. Pima fosfati mara mbili, siku mbili tofauti. Ukikuta imepita 0.2, nipigie tuzungumze kabla hujagusa jiwe lolote.

Mama anakusalimu. Anauliza kama Maskati mnapata halua nzuri kuliko ya Mombasa, nami nimemwambia akuulize mwenyewe. Nisalimie shemeji, na wabusu watoto.

Nduguyo wa Toronto