Barua kwa mwanangu: usipande paani

Mwanangu Neema,

Hatujambo. Mdogo wako ameniambia Jumamosi unataka kufunga ile antena yako ya kutambua mawimbi ya redio yanatoka upande gani, juu ya paa la hosteli. Usipande. Msimu huu radi za Mbeya unazijua.

Wala haja huna. Nzi Ormia ochracea, uliyemuiga, masikio yake yameachana nusu milimita tu. Mlio wa nyenje hutangulia sikio moja kwa mikrosekunde 1.5 hivi. Kiungo kinachoshika masikio yote mawili hucheza kama ubao wa bembea, kikaikuza tofauti hiyo hadi kama 50. Sasa mlingoti wa nini? Tena bati lenyewe hurudisha mawimbi, utasoma mwelekeo wa uongo.

Pima uwanjani, juu ya meza ya mbao, kitoa mawimbi kikiwa mita 30. Anza nacho mbele kabisa, kisha zungusha meza nyuzi 15 kila mara, nawe usogee pembeni, maana mwili wako nao huvuruga mawimbi.

Kwa megahezi 145, fimbo zako mbili za antena zilizoachana sentimita 10 zinapata tofauti ya nyuzi 17 tu za wimbi (wimbi zima ni nyuzi 360), tena wimbi likija ubavuni kabisa. Kebo moja ya RG-58 ikizidi mwenzake kwa sentimita 1, imekula nyuzi 2.6. Zifunge pamoja ndipo ukate. Kisha zibadilishane nafasi: kosa likigeuka upande, ni kebo, likibaki palepale, pima kapasita za pande zote mbili, zilingane. Na usiwe na pupa ya kukuza tofauti hiyo. Mara mbili au tatu yatosha kwanza. Ukizidisha, ishara inafifia na upana wa masafa inayopokea antena unabana.

Koili ulizosuka kwa mkono nimeziona pichani, zimenyooka kuliko zangu. Na wewe ndiye niliyekuwa nakufukuza dukani ukishika koleo.

Lakini simu hupokei, Neema. Paani usipande, hata wenzako wakipanda. Najua waya wa radi wa hapa nyumbani mpaka leo haujazikwa ardhini. Wiki hii nauzika.

Mama yako amevuna viazi. Gunia moja linakuja kwa basi la Jumatano, lipokee stendi ya Nane Nane. Vyenye michubuko uvile kwanza. Gunia lenyewe mrudishie konda, tunalo hilo tu.

Baba yako,
Mafinga