Risala ya Vijana Wapiga Picha kwa Mgeni Rasmi, Tandika, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazazi wetu, na wana wa maskani mliokubali kukaa mbele ya kamera, habari za jioni.

Karibu Tandika. Picha 18 zilizo ukutani ni za vijana wa vijiweni, ambao tangu mwanzoni mwa 2015, jiji lilipoingiwa na hofu ya Panya Road, yaani makundi ya vijana wanaovamia na kupora watu, huitwa jina hilo hata wakiwa wanasubiri daladala. Wamo waliowahi kuwa kwenye makundi kweli. Hatukuja kuwasafisha.

Wiki za mwanzo kamera hukaa kwenye begi. Tunapiga stori, tunacheza drafti, tunafungwa. Tazama picha namba 7: kijana mwenye kovu kwenye nyusi, kavaa aproni ya kinyozi. Yeye mwenyewe alikunja mkono wa shati ili tatuu ya jina la bibi yake ionekane. Tulipopeleka nakala, mama yake aliishika kwa ncha za vidole, akasema nyumbani hawana picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho.

Ndugu Mgeni Rasmi, lipo linalotuuma. Mwaka jana ukurasa mmoja wa mtandaoni ulichukua picha yetu bila kuuliza, ukaiandika "Panya Road". Aliyemo ni dereva wa bodaboda. Kesho yake tajiri akachukua pikipiki yake. Mwaka 1948 Gordon Parks, Mmarekani mweusi, alipiga mamia ya picha za kiongozi wa genge huko Harlem, New York, kijana wa miaka 17. Jarida la Life lilichapa 21, na wahariri wakaegemea upande wa fujo. Parks hakufurahi. Yeye alikuwa na wahariri wa kulaumu. Sisi tuna simu za mtaa mzima.

Ndiyo maana kila mwenye picha husomewa maelezo yake kabla hatujaitundika. Tunaomba barua ya utambulisho kutoka kata, maana tumeshahojiwa mara mbili na kamera zetu, na leo tunaomba wageni wasipige picha za picha. Gharama za kuchapisha tunachangishana. Ukitushika mkono hapo, hatutakataa.

Picha namba 11 utaikuta imegeuziwa ukutani. Mwenyewe kapiga simu asubuhi, kasema bado.

Naomba kuwasilisha.