Vijana wasiisahau klachi

Mhariri,

Magari madogo tunayoagiza mengi yametumika Japani, na karibu yote ni ya otomatiki. Wajapani wenyewe, tangu mwaka 1991, wana aina ya leseni inayoruhusu kuendesha otomatiki tu. Ndiyo maana vijana wengi Dar es Salaam hawajawahi kukanyaga klachi, ile pedali ya kushoto ya kubadilishia gia za mkono. Kwenye foleni ya Ubungo nawaelewa, mguu wa kushoto huchoka.

Lakini mwezi uliopita tuliteremka mlima Kitonga, mpwa wangu akiwa kwenye usukani. Alikanyagia breki tangu juu mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikamwambia ashushe gia, injini ishike gari. Akaniuliza, "Mjomba, inashushwaje?" Mkono wa gia ulikuwa na 2 na L, yaani gia za chini, hajawahi kuzigusa. Tuliegesha pembeni, ringi zikifuka joto kama jiko la mkaa.

Aliyejifunzia gia za mkono hulijua hilo mapema, kila mlima humfundisha. Naomba shule za udereva zisiyaache magari ya klachi, na wa otomatiki aoneshwe kazi ya L kabla ya kupewa cheti. Tena malori na daladala nyingi bado ni za klachi. Kijana asiyeijua anajinyima ajira.

Msomaji wenu,
Iringa